Mume Wangu Anasema Ni Ganzi ya Baiskeli

Mshauri wangu mpendwa, pole na kazi, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia.

Nimeolewa na Chrispin hapa Itigi, ananunua asali kwa warina asali na kwenda kuiuza Mkiwa kwa baiskeli, na maduka yalipojaa bidhaa za nje akanunua baiskeli mpya, ndefu, ya kujivunia, na tangu aipate hanigusi, analala amenipa mgongo, nikimuuliza anasema, "Mama Shukuru, huku chini kumekufa ganzi," nami nikawa najiuliza, ganzi gani inayomshika mtu akifika nyumbani tu? Nikapanda lori nikamfuata hadi Mkiwa. Nikamkuta kwenye banda la chai la mwanamke anaitwa Dina, kapaka wanja, wanacheka, na huyo Dina anafunga kanga yake mwenyewe juu ya siti ya baiskeli ya mume wangu, taratibu, kama anamvisha mtoto! Nikamuuliza, "Hiyo kanga ya nini?" Akajibu bila aibu, "Dada, mumeo hata kukaa hawezi, tangu afike anakunywa chai amesimama." Mshauri, mwanamke wa njiani anaujua mwili wa mume wangu kuliko mimi! Nikaichana ile kanga mbele za watu, nikarudi peke yangu, na sasa nguo zangu zimo sandukuni. Niende kwa mama Manyoni au nibaki?

Loyce, Itigi

JIBU

Loyce, pole, wivu unachoma. Lakini umemfedhehesha mumeo hadharani kwa kosa la siti. Chrispin alikuambia ukweli kitandani ukakataa kusikia. Muuza chai akasikia. Hilo ndilo linalokuuma.

Siti ikiwa juu mno, au ncha yake ya mbele ikiinuka, uzito wote unakandamiza mishipa ya sehemu za siri, ganzi itakosaje? Toa nguo sandukuni, nenda naye kwa fundi baiskeli. Akae kwenye siti, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Akikanyaga kwa kawaida, goti libaki limekunjika kidogo. Siti ilazwe sawasawa, usukani usimlazimishe kuinama sana. Njiani awe anainuka kwenye siti, damu ipite. Ganzi isipoisha, aiache baiskeli, aende kwa daktari, wala asione haya.

Dina mnunulie kanga nyingine, umpelekee mwenyewe. Kama bado unamshuku, kaa hapo unywe chai, umtazame usoni.

Na leo jioni usimuulize Chrispin habari za Mkiwa. Muulize anaumwa wapi, kisha nyamaza umsikilize.