Ndege wa Sajenti Kirunda

Jinja, Idi pili, 1988

Kaka Zubairi,

Sisi wazima. Mihogo imeota vizuri, na Mama anakushonea kanzu.

Jana wewe ulizuru makaburi huko Mbale. Mimi nilikwenda kwenye kinamasi kando ya ziwa, maana Baba yumo humo. Siku hizi wageni hutembezwa kutazama ndege. Anayewatembeza ni Kirunda, sajenti yule yule aliyemchukua Baba wakati wa vita. Ana darubini shingoni, anawasifu korongo kana kwamba amewaumba yeye. Njia zote za mafunjo anazijua. Atakosaje kuzijua?

Nilisimama nikaanza kumsomea Baba Fatiha. Kirunda hakunitambua. "Mama, nyamaza," akaninong'oneza. "Ndege itaogopa."

Nikaisoma kwa sauti ya muadhini. Ndege wote wakaruka, na wageni wakapiga picha.

Baadaye akawaonyesha wageni, kwa majivuno, barua iliyompatia kazi hiyo. Nikaichungulia: "Mtu mpole, namjua tangu zamani." Saini yako haijabadilika, Bwana Ofisa.

Mama sijamwambia. Kanzu ikiisha nitamvalisha Kirunda; nyinyi ni wa kipimo kimoja.

Nulu,
binti wa Mzee Gidudu. Wewe sijui wa nani.