Hana Swali kwa Shahidi

Alhamisi, msimu wa mvua. Imenyesha tangu alfajiri na bati la jikoni linavuja. Nimetega sufuria chini. Sihisi kitu. Nimeshona sketi mbili za shule, na mishono imenyooka kuliko siku zote.

Jana Gaspari, mume wangu, alihukumiwa miaka mitano kwa wizi wa ng'ombe.

Miaka mitano. Mtoto wetu wa mwisho hajaanza kutembea. Baba yake akitoka, atamkuta anakaribia kuanza shule. Hesabu hiyo naifanya hata nikiwa nashona.

Ng'ombe ni wa jirani yetu Simeo. Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja na mifugo inalala pua kwa pua. Ng'ombe alipopotea, Simeo akasema Gaspari alionekana karibu na zizi. Zizi lenyewe liko mbele ya mlango wetu. Angeonekana karibu na wapi tena?

Balozi wetu wa nyumba kumi ni baba yangu mdogo, Leonsi. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufa, ndiye aliyepokea mahari yangu. Alikuja, akaketi, akamwambia Gaspari: "Mkwe, wewe ni mdogo kwa Simeo. Mpelekee pombe mnywe, yaishe. Vijana wako vitani, ninyi huku mnagombania mkia wa ng'ombe!"

Tukacheka. Kwetu kila mtu anajua: pombe hupelekwa na mdogo, awe na kosa au asiwe nalo. Ni kumaliza maneno tu. Gaspari akabeba kibuyu cha pombe ya ndizi. Simeo akanywa, akashiba, kesho yake akaenda polisi kusema mwizi amekiri.

Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo si mtu wa huku. Alimwuliza baba mdogo, aliyeitwa kuwa shahidi wa upande wa Simeo, kama ni kweli mshtakiwa alipeleka pombe ili yaishe.

"Ndiyo, alipeleka."

Basi. Nani alimtuma, hakusema. Nilingoja aongeze neno.

Hakimu akamgeukia Gaspari, kwa upole kabisa: "Una haki ya kumwuliza shahidi swali lolote."

Mkwe habishani na baba mkwe mbele za watu. Hata njiani humpisha. Gaspari aliangalia miguu yake. "Sina swali, baba."

Karani akaandika. Gaspari akaulizwa kama ana mashahidi wa upande wake. Akanitazama, akasema hana, maana alijua nitamtaja nani. Nikasimama mwenyewe. "Mama, kaa chini, hujaitwa," askari akasema.

Nikakaa.

Siwezi hata kusema alinyimwa haki. Alipewa zote, moja baada ya nyingine, na zote alizirudisha kwa adabu.

Washauri wa mahakama ni wawili, na kila mmoja kura yake ni sawa na ya hakimu. Wote ni wa huku, pombe ile wanaijua. Mmoja, mzee kutoka Mabawe, alisema Gaspari hana hatia, akaeleza desturi. Mwenzake akasema, "Asiye na kosa haombi yaishe." Yeye mwenyewe kapeleka vibuyu vingapi kwa wakubwa zake! Hakimu akakubaliana naye. Wawili kwa mmoja.

Leo mchana baba mdogo amekuja. Nimemwamkia shikamoo, mdomo umetamka wenyewe. Akaitika marahaba, akaketi na kofia yake magotini.

"Mwanangu, mimi nilijibu nilichoulizwa."

Ni kweli. Nikampa chai isiyo na sukari, maana sukari imeadimika tangu vita vianze. Akanywa, akaondoka.

Rufaa ni ndani ya siku thelathini. Jumatatu nakwenda Ngara mjini kumtafuta anayejua kuiandika. Sababu ya kwanza itakuwa kwamba balozi ndiye aliyemtuma, na jina lake litaandikwa lote, la ubatizo na la ukoo. Niko tayari kuapa. Ndugu watasema nimemuuza aliyenilea. Waseme.

Ila mwenye haki ya kukata rufaa si mimi, ni Gaspari. Karatasi lazima nimpelekee gerezani, nimsomee, kisha aweke dole gumba.

Nikifika kwenye jina la baba mkwe wake, atanyoosha mkono, au ataniambia niikunje?