Matabishi ndani ya Dawa

Jumatatu, 2 Desemba 1996

Kijiko kimoja bapa cha unga wa klorini, litre moja ya maji. Hiyo ndiyo dawa mama. Mwenzangu Papa Elie anaitengeneza, mimi naiteremsha nguvu. Kikombe kimoja chake kwa maji vikombe tisa. Koroga. Halafu tena, kimoja kwa tisa. Hiyo ya mwisho, kopo moja kwa bidoni ya litre ishirini ya maji ya ziwa. Tangu nitoke Bukavu sijapata kazi tamu hivi.

Tukitia kidonge cha kupimia klorini, kipimo kinatakiwa kiwe waridi hafifu. Leo chekundu. Kwa nini?

Jumanne, 3 Desemba

Chekundu tena. Watu waliovuka daraja kukimbia vita, kama sisi, wanaziba pua. Eti tunabawekea sumu. Wanarudi kuchota ziwani, na kipindupindu kiko huko huko. Maman Neema pia. Mtoto wake anahara tangu asubuhi, midomo imekauka, na hataki kumpa maji yetu. Nilikasirika. Kisha nikanusa bidoni. Ana haki.

Jumatano, 4 Desemba

Nimetengeneza dawa mama mwenyewe, nikaiteremsha. Waridi safi! Basi tisa zangu hazina kosa. Kosa liko juu.

Nikamchungulia Papa Elie akipima. Kijiko kimejaa kama kilima. Halafu akaongeza kidogo kwa vidole. Nikamuuliza hiyo ya juu ni ya nini.

"Matabishi, maman. Batu bameteseka, tubanyime?"

Kumbe! Miaka yote aliuza unga wa muhogo sokoni Kadutu. Kule mnunuzi asiyeongezewa kidogo cha bure, ndiyo matabishi, harudi. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaogopa, maana mama akizidi, watoto wake wote wamezidi. Nikamwaga yote. Amenuna.

Alhamisi, 5 Desemba

Kijiko tumekisawazisha kwa kisu. Waridi. Maman Neema alikitazama kikombe, mikono nyuma. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuonja. Aibu kweli. Nikanywa mbele yake. Akanusa, akanywa. Nikachanganya mengine na sukari na chumvi, akampa Neema. Neema akaomba tena.

Ijumaa, 6 Desemba

Neema ameketi mwenyewe, anakula uji. Papa Elie anapima bapa, uso bado ameukunja. Lakini kila maman akishajaza bidoni, anamwongezea kopo la maji yaliyokwisha kutengenezwa, kwenye sufuria yake.

Hiyo haiharibu hesabu. Nimemwacha.