Kocha Mpya Ni Mama Mkwe Wangu, na Mimi Ndiye Kipa

Bi Chiku mpendwa,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Nakuomba uninusuru kabla ya Jumamosi, maana hapa nilipo sili nikashiba, silali nikalala, na filimbi ya refa naisikia hata nikiwa naswali, Mungu anisamehe. Jina langu tafadhali lifiche, kwa sababu huku Msambweni habari haichelewi kufika, lakini mengine yote nitakueleza kama yalivyo.

Mimi nasomea ufundi wa umeme katika chuo kimoja cha huku kwetu, na ndiye kipa wa timu ya chuo. Msimu huu, Bi Chiku, tumefungwa mpaka watu wamechoka kutucheka, Kinango walitufunga, Lunga Lunga walitufunga, Shimoni walitufunga kwao halafu wakaja kutufunga kwetu, na hata tulipocheza mechi ya kirafiki na wahudumu wa hoteli moja ya Diani, watu wazima wenye vitambi waliotoka zamu asubuhi ile ile, walitufunga kisha wakatupa pole na juisi. Kocha wetu alikuwa Bwana Ziro, ambaye pia ndiye dereva wa basi la chuo, na mipango yote ya mechi alikuwa akitueleza huku anaendesha, anatutazama kwa kile kioo cha juu, kwa hivyo waliokaa viti vya nyuma hawakuwa wakisikia kitu na walikuwa wakiingia uwanjani kila mtu na mchezo wake. Mkuu wa chuo akachoka, akamwambia Bwana Ziro abaki na usukani peke yake, na sisi tukaitwa uwanjani kumpokea kocha mpya, nikatoka mbio na kaptura yangu, glavu mkononi, nikainua uso, nikamwona Mwalimu Mwanaima.

Bi Chiku, Mwalimu Mwanaima ni mamake Yusra! Na Yusra ni mchumba wangu, posa imepelekwa ikakubaliwa, halwa ikaliwa, kahawa ikanywewa, na nikaha tumepanga iwe msimu wa mpira ukishamalizika.

Sikatai kwamba mpira anaujua. Anafundisha upishi hapo chuoni, lakini ujanani mwake aliichezea timu ya akina mama, cheti cha ukocha anacho, na mazoezi yake yanamtoa mtu jasho mpaka la kisogoni. Lakini mimi ni Mdigo niliyelelewa, na nyumbani nimefunzwa kwamba mama mkwe hatazamwi usoni, haitwi kwa jina, na mtu hapiti mbele yake mapaja yakiwa nje. Siku ile ya kwanza nilijificha nyuma ya mlingoti wa goli, na mlingoti wenyewe ni mwembamba. Tangu hapo nadaka na suruali ndefu na juu yake nimejifunga kikoi, na katika mechi moja mpira uliingia ndani ya kikoi nikawa nautafuta huku na mshambuliaji wao anautafuta, naye akauona kwanza.

Wallahi kama ni mimi peke yangu ningevumilia, lakini naye pia anashika adabu, hanitaji jina hata siku moja, wala hasemi nami moja kwa moja, akitaka kuniambia jambo anampitishia Tsuma, beki wetu wa kati. Anapiga ukelele kule pembeni, “Tsuma, mwambie bwana huyo atoke akaufuate mpira!” na Tsuma, ambaye kwao wamemfunza heshima kupita kiasi, anageuka, anaupa mgongo mpira, ananijia, anasema, “Bwana, mama anakusalimia, na anasema utoke.” Mpaka salamu ziishe, yule mtu ambaye Tsuma alikuwa amkabe ameshapita zamani na mpira uko wavuni. Wenzangu wote wamebadilika chini ya Mwalimu, wanakimbia, wanapasiana, wanafunga hata mabao matatu, kisha mimi nafungwa manne. Wengine wameanza kunong’ona kwamba bora asimame Baya, kipa wa akiba, yule mrefu wa kutoka Funzi, ingawa mimi naona Baya ana mikono mirefu tu, hana uzoefu. Mwalimu mwenyewe hajampanga hata mara moja, kila mechi ananipanga mimi, na sijui kwa nini.

Basi nikafanya kosa. Kwa vile siwezi kusema naye, niliona nifuate njia inayofuatwa, nikamtuma mjomba wangu Mzee Kheri, yule yule aliyepeleka posa, aende nyumbani kwao amwombe Mwalimu anitoe golini anipeleke winga, upande wa pili wa uwanja, mbali na benchi. Mjomba akavaa kanzu na kofia, akaenda baada ya alasiri, na mjomba wangu, Bi Chiku, hawezi kuomba hata chumvi bila kuanzia kwa babu wa babu yake. Bibi yake Yusra alipomwona mshenga amerudi, mikono mitupu, hana hata kisahani cha halwa, uso ameukunja, alijua moja kwa moja kwamba posa inarudishwa. Akaangua kilio! Majirani wakajaa, mtu akamletea maji, mwingine akamtukana mjomba, na mjomba alipofika kwenye neno winga hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Alitoka pale na viatu ambavyo si vyake.

Sasa Yusra hapokei simu zangu. Ameniandikia mara moja tu, “Ulikuwa na la kusema ukashindwa kuniambia mimi, ukamtuma mtu mzima aje amlize bibi yangu.” Na mazoezini jana Mwalimu amesema, “Tsuma, mwambie bwana huyo Jumamosi aje kama kawaida, mengine tutayajua baada ya mechi.” Mengine yapi, Bi Chiku? Nimemuuliza Tsuma, anasema hata yeye hakufafanuliwa. Jumamosi ni mechi ya mwisho, na Ukunda, na mimi sijui kama nina mchumba au sina. Tsuma ananishauri nivunje uchumba mpaka filimbi ya mwisho, halafu nipose upya Jumapili, na kwa jinsi nilivyochanganyikiwa nimeanza kuona kama Tsuma ana akili. Niache mpira nimuoe Yusra? Au nihame chuo? Nampenda huyu msichana, Bi Chiku, sitaki kumpoteza kwa sababu ya mpira wa kona.

Ni mimi, Kipa Nisiyeinua Macho, Msambweni.

*

Bi Chiku anajibu:

Wa aleikum salaam, na marahaba, Kipa. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini mwanangu, umenitajia mchumba, mkwe, mjomba, beki, kipa wa akiba na dereva wa basi! Aliyebaki Msambweni asiyekujua labda ni mtoto aliyezaliwa leo.

Pole. Nimecheka, sitakuficha, pale kwenye kikoi nimecheka mpaka mjukuu wangu akaja kunitazama. Lakini bibi wa watu amelia kweli, na binti wa watu amenyamaza kweli, kwa hivyo tuache kicheko tuseme.

Adabu yako naipenda. Wako vijana hapo Ukunda wanaomwambia mama mkwe “niaje” na kumpigia mluzi kutoka kwenye bodaboda. Wewe si wa namna hiyo, na aliyekulea ashukuriwe. Ila usiibebeshe adabu mzigo usio wake. Kinango walikufunga, Lunga Lunga, Shimoni mara mbili, na wale wenye vitambi wakakufunga na juisi wakakupa. Kocha alikuwa nani siku hizo? Ziro. Je, Ziro ana binti uliyemposa? Ulikuwa ukimwinamishia nani macho? Hebu kuwa mkweli, angalau kwangu, mimi si mkweo.

Kisha unaniambia hujui kwa nini Mwalimu anakupanga kila mechi. Hujui! Mimi nimejua kabla sijafika mwisho wa barua yako. Mama huyo akikutoa golini, kesho yake mji mzima utasema amemkataa mkwe. Bibi yule ambaye amelia kwa kumwona mjomba tu, angelia vipi kwa kukuona wewe benchi? Kwa hivyo mama wa watu anakuacha pale, anafungwa, anachekwa, wanaume wasio na kazi wanakaa pembeni mwa uwanja wanasema mwanamke hawezi ukocha, naye anameza, ili wewe usiaibike na binti yake asivunjikiwe uchumba. Anakulinda wewe kuliko wewe unavyolilinda goli. Na wakati wote huo wewe umejishughulisha na mapaja yako.

Naye ana lake, simtetei kwa yote. Kumpitishia beki maagizo katikati ya mechi si ukocha. Lakini yeye ni mkubwa, na aliyeniandikia ni wewe, basi nakukaripia wewe.

Shauri la Tsuma lifukie mbali. Posa haizimwi Jumamosi ikawashwa Jumapili, wewe si unasomea umeme, utapigwa shoti. Na hilo la winga usilirudie mbele ya watu. Mtu anayeshindwa kuuona mpira ulio ndani ya kikoi chake anaomba winga!

Kuhama chuo, hapana. Kuacha mpira, hapana. Sikiliza.

Leo hii nenda kwao, mchana, mlangoni, kwa miguu yako. Mwulizie bibi kwanza. Mwombe radhi yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na umrudishie mwenye viatu viatu vyake. Halafu omba kumwona Yusra hapo hapo uani mbele ya watu wa nyumba, na usimweleze habari za kona wala za benchi. Mwambie ulikosea kumnyamazia. Yeye ndiye anayemjua mamake kuliko sote, ungemwuliza yeye tangu siku ile ya mlingoti, haya yote yasingekuwepo. Akikusema, sikiliza mpaka amalize. Usijitetee, hata kidogo.

Baada ya hapo mrudishe mjomba, safari hii na sinia ya halwa kubwa inayoonekana tangu njiani, na wewe uende naye, ukae nyuma yake. Mwambie Mzee Kheri nimemsalimia, na ukoo auache nyumbani, waliuona siku ya posa. Aseme mambo mawili tu. Kwanza, posa iko pale pale. Pili, kijana anaomba ruhusa ya mama, kwamba filimbi ikipigwa mama awe mwalimu na yeye awe mwanafunzi, amwite kwa jina, amkaripie, naye aitike na amtazame. Filimbi ya mwisho ikilia, kila mtu arudi kwenye heshima yake kama kawaida. Wazee huombana ruhusa kwa mambo mazito kuliko mpira, na mama akiombwa vizuri hatakataa, kwa sababu naye amechoka kupiga kelele kwa Tsuma. Kikoi kiache nyumbani. Suruali ndefu vaa, kipa hakatazwi.

Lakini liko neno moja ambalo mjomba asilitamke, hilo ni lako. Mjomba akimaliza, macho yako yawe chini, sikatai, ila sauti itoke: “Mama, Jumamosi kama Baya ndiye anayefaa, mpange Baya. Mimi sitanuna, na Yusra bado namtaka.” Ukitetemeka, tetemeka, lakini sentensi ifike mwisho. Mama yule amebeba hofu hiyo tangu alipopewa timu, wala hakuna mwingine anayeweza kumtua isipokuwa wewe.

Akikupanga, daka. Akimpanga Baya, keti benchi, usihamie upande wa pili wa uwanja, na Baya akiokoa mpira uwe wa kwanza kusimama na kupiga makofi. Uwanja wote utakuwa unamtazama Baya. Mama mkwe wako atakuwa anakutazama wewe.