Mizani ya Mahindi

Jumanne, usiku

Umeshuka! Asubuhi nimepanda kwenye mizani ya Masanja, mnunuzi wa mahindi jirani yetu hapa Chanji, na uzito umerudi chini. Nimepiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Jumapili ulikuwa umeruka kilo mbili kwa siku mbili. Nesi wa kliniki ya moyo alishanionya kwamba huko si kunenepa, ni maji yanajaa mwilini. Nikabonyeza mguu, shimo likabaki. Niliogopa. Safari ile nyingine nilijikaza kimya mpaka nikabebwa sina pumzi, na kitanda cha wodi sikitaki tena.

Safari hii nikampigia nesi palepale.

“Bibi, meza kile kidonge cha maji cha nyongeza, kama tulivyokubaliana. Na migebuka, wale samaki wa chumvi, uiache.”

“Nitaiacha, mjukuu wangu, ila mdomo utalia.”

Leo Masanja ananitania, “Shikamoo bibi! Gunia langu limepungua, nitapata hasara.”

“Marahaba. Wakulima unawapunja, mimi usinipunje hata gramu.”

Nesi kasikia habari, kacheka. “Umejiwahi mwenyewe, bibi.” Mimi! Niliyejua herufi ukubwani, kwenye mafundisho ya kanisa!

Najua moyo haujapona. Utanichokoza tena, na labda siku hiyo... Basi. Nitapima kesho.

Mume wangu kashalala. Tangu Jumapili nimelala nimekaa, nimeegemea ukuta ili nipate pumzi. Leo najilaza ubavuni kwake, na akikoroma nampiga kiwiko.