Chungu Nilichokipiga Teke

Jumanne, Ntobeye. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Nimeshavuta sigara sita na hata saa nane mchana haijafika.

Nina hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Mnaonisoma hapa mtandaoni mnajua mimi ni mwalimu, na kwamba tangu corona ifunge shule niko nyumbani na mke wangu Vestina na mama yangu mzazi. Ambacho sijawaambia ni kwamba miezi ile ya mwanzo nilivuta maradufu. Kengele hakuna, vipindi hakuna, ni mimi na pakiti tu. Kisha kikaja kikohozi. Siku hizi ukikohoa sokoni, hata muuza nyanya anakukimbia na kukuachia nyanya zake! Nikaogopa, nikaacha sigara ghafla, bila kumwambia mtu.

Siku ya nne nilikuwa mnyama. Nilivunja redio kwa sababu inakwaruza. Nilimrushia Vestina kikombe cha chai, kikampita karibu na sikio. Alisema tu, "Mwalimu, heri uvute."

Jumapili mama akaamua kikohozi changu ni cha kufukizwa. Hapa kila nyumba inajifukiza. Akachemsha chungu cha mchaichai, majani ya mkaratusi na malimao. Nikakaa kwenye kigoda, Vestina akanifunika blanketi, akachuchumaa mbele yangu kuzishika ncha zake ili mvuke usitoroke.

Sasa, mama yangu anavuta kiko tangu kabla sijazaliwa. Kwake tumbaku ni dawa ya meno, ya tumbo, ya nyoka. Bila kutuambia, alikuwa ametia majani yake makavu humo chunguni ili ugonjwa ukimbie haraka. Alifanya kwa kunipenda.

Loo! Harufu ile ile niliyoikimbia siku nne, ya moto, na mimi nimefungiwa nayo. Kichwa kikazunguka, mate yakajaa mdomoni, matapishi yakanipanda kooni. Nikapiga kelele wanifunue. Vestina akacheka kidogo, kama watu wanavyomcheka yeyote anayelalamika akifukizwa. "Vumilia, dakika moja tu."

Nikakipiga chungu teke.

Haikuwa bahati mbaya. Nilijua amechuchumaa wapi, nikapiga kuelekea huko huko. Maji yote yakammwagikia miguuni, na alipovua kandambili, ngozi ikabanduka na ukanda wake. Mke wangu alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia hata alipokuwa akijifungua. Na wakati analia, mimi nilikuwa chumbani napekua koti, natafuta kiberiti.

Niliwasha kwanza. Ndipo nikaenda kumwita mwenye pikipiki.

Kule zahanati, muuguzi aliuliza imekuwaje. Nikajibu haraka, "Mama alijikwaa kwenye chungu." Mama alikuwa amesimama mlangoni, kiko mkononi. Aliniangalia, akamgeukia muuguzi. "Ndiyo, mwanangu. Ni uzee huu."

Nikamwacha aseme hivyo. Mshenzi mimi.

Habari imefika Kibimba, kwa wakwe zangu. Kesho baba mkwe anakuja na wanawe. Wametuma neno kwamba binti yao hawezi kulala nyumba moja na kikongwe anayeunguza watu. Tangu jana mama anakunja khanga zake. Anasema atakwenda kwa dada yake Biharamulo, eti yeye ameshaishi, sisi ndio wenye ndoa. Nimemsikia akikohoa huku anafunga mzigo, nikatoka nje kuvuta.

Leo asubuhi Vestina amenisemesha kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nilikuwa nambadilishia bandeji. Hakuinua uso.

"Mama akitoka hapa kwa ajili yangu, nami natoka. Nilikuwa naangalia, Mwalimu. Niliuona mguu wako."

Nimekaa na maneno hayo mpaka sasa. Kesho mbele ya baba mkwe nitasema shikamoo, na najijua, ulimi utanisaliti. Nitatafuta tena uongo. Kwa hiyo naandika leo.

Shemeji Deo, najua unasoma hapa, huwa unanitania kwa ninayoyaandika. Msomee baba haya kwa sauti kabla hamjaanza safari. Aliyemuunguza dada yako ni mimi. Mama yangu hakujikwaa kwenye chungu kile. Mtanikuta uani. Kama mmekuja kupiga mtu, nipigeni mimi.