Watoto Si Mahindi

Ijumaa, Machi 1957. Ukungu haujaondoka mlimani tangu asubuhi.

Kesho wanaume wanakwenda shuleni kung'oa dari. Wa kwanza kupanda ngazi atakuwa mume wangu.

Fundi Anyosisye alipojenga darasa la wadogo alisuka mianzi, kama tunavyosuka kuta za nyumba, akaipachika chini ya bati, katikati akajaza nyasi kavu. Alisema mvua ikipiga, watoto watamsikia mwalimu. Wazazi wakanuna. Mabati waliyabeba wenyewe kichwani kutoka barabarani, wanataka mtu akiingia ayaone. Baba Sekela, mume wangu, alibeba kuliko wote. Kwenye kikao jana alisimama akasema, "Dari ni ya kukaushia mahindi, juu ya jiko. Watoto wetu si mahindi!"

Watu walicheka mpaka wakakohoa. Mimi sikucheka.

Sekela wetu masikio yalimharibika baada ya surua. Mwaka jana alikaa darasa la bati tupu, na huku kwetu mvua hii ya kila mchana mnaijua. Alikuwa anarudi hajui hata wamefundishwa nini. Mwalimu akaniambia kwa upole, mama, mtoto anakaa bure, afadhali akusaidie shambani. Nikamsihi. Mwaka huu akakubali kumjaribu tena, kwenye darasa lenye dari.

Wakiing'oa, Sekela anarudi kwenye jembe.

Leo mvua ilinikuta natoka kuchuma mboga, nikajibanza ukutani pale shuleni. Darasa la bati tupu, mwalimu ameweka chaki chini, watoto wamekunja mikono wanangoja mvua iishe. Nikazunguka kwa wadogo. Mvua ile ile, lakini kule somo linaendelea! Mwalimu akauliza hesabu, na sauti iliyojibu ni ya mwanangu.

Alijibu saba. Hesabu yenyewe sikuijua. Nilisikia tu, "Vizuri, Sekela."

Nililia, mvua ikanisitiri.

Nyumbani nikamweleza baba yake. Akasema, "Mama Sekela, unataka nikalambe matapishi yangu mbele ya wanaume wenzangu?" Akatoka nje. Si mtu mbaya. Yeye ndiye hukanyaga chini kwa kishindo ili Sekela asikie ardhi, ageuke. Anajua. Lakini maneno yameshamtoka.

Mimi nimesoma darasa la ubatizo tu, na kikaoni sijawahi kusimama mbele ya wanaume. Kubishana sitaweza.

Lakini kupika naweza. Nimetuma salamu kwamba kesho chakula cha wafanyakazi kinatoka kwangu, na ni kande, mahindi na maharage. Hakuna mwanaume wa hapa atakayepanda ngazi akaacha sufuria ya kande inatokota. Watangoja. Mvua ikianza, nitamwomba Baba Sekela jambo moja tu: aingie na Sekela darasa la bati tupu amwite kwa nyuma, kisha waingie lenye dari amwite tena. Bila kukanyaga chini.

Atanikubalia mbele ya wenzake? Sijui. Naandika haya, kisha narudi jikoni.

Wao wanafika asubuhi, mvua inafika mchana. Maharage nimeshachambua, ila sijayaloweka.

Na kuni nimechagua mbichi.